Mpira Kulia, Krosi, Kichwa

Nilikosea mapema. Nilichora mashambulizi ya timu yetu kwenye karatasi nne, nikazionyesha mbele ya wachezaji wote kabla ya kumwonyesha kocha peke yake. Karatasi zilikuwa safi, mistari imenyooka, na nilichokisema juu yake kilikuwa kweli. Kwa sababu kilikuwa kweli, ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba lilikuwa kosa, na kufikia hapo mzee mmoja alikuwa ameshapoteza kazi pekee aliyoifanya kwa kupenda katika mji huu.

Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha Brussels, miaka ile ambayo bado tuliandika ujumbe kwa kubonyeza tarakimu. Nilitoka Kigoma. Watanzania chuoni tulikuwa watatu, na wale wawili walikuwa na mambo yao, kwa hiyo nilijikuta kwa Wakongo, wengi wao wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Waliponisikia nazungumza walicheka, wakasema naongea kama redio, kisha wakanikaribisha. Walikuwa na timu. Ilicheza kwa jina la chuo katika ligi ya vyuo, kila Jumamosi mchana, kwenye uwanja mmoja wa Anderlecht nyuma ya maghala.

Mimi sikuweza kucheza. Mpira ukinijia naanza kufikiri, na nikimaliza kufikiri umeshapita. Lakini nilipenda kutazama, na mimi nikipenda kitu lazima nikisomee hadi kininyime raha. Katika duka moja la vitabu vikuukuu karibu na Chaussée d'Ixelles nilinunua vitabu vitatu vya mbinu za mpira, kwa Kifaransa, kimoja hakina jalada. Nilivisoma na kamusi pembeni. Nusu ya Kifaransa changu kimetoka humo, ndiyo maana hadi leo naweza kueleza namna ya kukaba nafasi vizuri kuliko ninavyoweza kuagiza mkate.

Kocha wetu tulimwita Papa, kama wanavyoitwa wanaume wa umri wake pale. Hakuajiriwa na chuo. Alifanya kazi katika ghala mojawapo la Anderlecht, akipakia na kupakua, na kwa kuwa alifahamiana na mlinzi wa uwanja aliwaombea vijana mahali pa kufanyia mazoezi, miaka kadhaa kabla sijafika. Tangu hapo akawa kocha. Alikuwa mfupi, wa miaka hamsini na kitu, na alikuja uwanjani na koti lake la kazini lenye mistari inayong'aa. Watoto wake walikuwa wamekua na kuhamia miji mingine. Kila baada ya mechi alituchukua wote kwake Laeken, watu kumi na tano, wakati mwingine ishirini, na mkewe, tuliyemwita Maman, alikuwa amepika bukari, yaani ugali, na sombe, kisamvu. Sombe naijua tangu utotoni. Nilikuwa nakula kimya, machungu ya wiki yote yakinitoka. Maman alisema mara moja kwamba siku sita za wiki nyumba ile ni kubwa mno, na Jumamosi inakuwa ya kiasi.

Nilijua, basi, timu ile ilikuwa nini kwa Papa. Siwezi kusema sikujua.

Tatizo lilikuwa kwamba tulikuwa na shambulio moja tu. Kipa anarusha kwa beki wa kulia. Beki anapiga mrefu ubavuni. Winga wa kulia anakimbia hadi karibu na kibendera cha kona, anapiga krosi, na mshambuliaji wetu, kijana mrefu wa uhasibu aliyezoea kuinama kila mlangoni, anaruka na kupiga kichwa. Basi. Lisipofaulu, tulilirudia. Likifaulu, tulilirudia kwa furaha. Kushoto tulikuwa na mwanafunzi wa uuguzi mwenye chenga ambazo sijaziona tena kwa mchezaji yeyote wa Jumamosi, na niliwahi kumwona akifunga kamba za viatu, akizifungua, akizifunga tena, wakati mpira uko upande wa pili ukienda zake pale pale ulipokwenda daima.

Wapinzani walikuwa wameshajua. Kipa wetu akidaka mpira, mashabiki wao walinyoosha mikono wote pamoja kuuelekeza ubavu wetu wa kulia, kama trafiki barabarani, wakasubiri. Mpira ulikwenda huko huko. Wakaangua kicheko. Nilikuwa nageuza uso. Nilijisikia kama nimechekwa mimi, mimi niliyevaa skafu ya timu na ambaye nisingeweza kupiga hata hiyo krosi moja.

Nilianza kuhesabu. Nilikuwa na daftari, na kila shambulio nililiandika: limeanzia wapi, limeishia wapi. Kurasa zilijaa mishale ya kwenda kulia. Nilipowaonyesha wachezaji mmoja mmoja, walicheka. Winga wa kulia, aliyekuwa rafiki yangu zaidi, aliniambia, "Ndugu ya Tanzania, hiyo njo mupira ya Papa. Tumezoea." Njo kwao ni ndiyo. Alisema kwa upendo, kama mtu anavyosema juu ya baba yake anayekoroma. Mimi nilisikia kitu kingine. Nilisikia kwamba wote wameliona kosa na hakuna mwenye ujasiri wa kulisema.

Palikuwa na desturi ya kusema. Baada ya kula, Papa alitoa nafasi: nahodha kwanza, halafu wachezaji, halafu sisi mashabiki. Uliweza kumlalamikia refa, mvua, viatu, hata kipa aliyekaa hapo na sahani yake. Lakini neno linalomgusa Papa mwenyewe halikusemwa pale. Lilipitia kwa Tonton, mfanyakazi mwenzake wa ghalani, aliyekuja kila mechi na mfuko wa mipira begani. Ulimwambia Tonton, Tonton akamwambia Papa wakiwa wawili, na Jumatano ijayo, siku ya mazoezi, kitu kilibadilika bila mtu kujua nani alilalamika. Sikuhitaji kufundishwa hilo. Kwetu pia mkubwa hasahihishwi mbele ya watoto wake. Anatafutwa mtu wa rika lake. Wenyewe wanasema kwenye kuku wengi usimwage mtama. Nilijua, nikamwaga.

Nilijipa sababu. Zilibaki mechi tatu, na tulikuwa karibu kushuka daraja. Nilijiambia hakuna muda wa kupitia kwa watu. Ukweli ni mdogo na mbaya zaidi: Tonton angechukua maneno yangu akayafikisha kwa maneno yake, na hakuna ambaye angeiona michoro. Nami nilikuwa nimeichora siku mbili. Duara za wachezaji nilizichora kwa kuzungushia sarafu ili zilingane, sisi kwa buluu, wapinzani kwa nyekundu. Karatasi ya tatu niliirudia mara tano kwa sababu mshale mmoja ulitetemeka. Nilitaka ionekane.

Jumamosi ile tulifungwa bao moja na timu iliyokuwa mkiani. Dakika za mwisho, mwanafunzi wa uuguzi alikuwa kushoto peke yake, mikono juu, hakuna mtu karibu naye. Kipa alimtazama kabisa. Kisha akarusha kulia. Mashabiki wa upande wa pili hawakunyoosha hata mikono; walikuwa wameshaanza kukusanya vitu vyao.

Laeken tulikula bila maneno mengi. Nahodha alisema tutarekebisha. Mwingine alilaumu uwanja. Papa aliuliza kama mashabiki wana neno, na mimi nikasimama. Nilisogeza bakuli la sombe, nikatandaza karatasi nne mezani, na nikaanza. Maneno yalikuja kwa mpangilio, maana nilikuwa nimejizoeza mbele ya kioo. Nilionyesha njia ya mpira, moja, mbili, tatu, nne. Nikasema hata watoto wa shule wangeikaba. Hapo wachezaji wakacheka. Si kwa ubaya. Kilikuwa kicheko cha watu waliochoka waliosikia jambo wanalolijua likisemwa hatimaye kwa sauti. Na mimi, kwa kitambo kifupi ambacho nakikumbuka kuliko chochote cha mwaka ule, nilifurahi.

Papa alivaa miwani. Aliziangalia karatasi zote nne, moja baada ya nyingine, bila haraka.

"Hii bleu, ni nani?"

"Ni sisi, Papa."

"Bon." Aligusa mshale mmoja kwa kidole. "Umechora muzuri. Iko vile kabisa."

Kisha akainua macho, akawatazama wachezaji, si mimi.

"Donc munajuaka yote. Munachekaka, alafu munakuya kukula."

Maman alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na kijiko mkononi. Akarudi ndani. Papa alizipanga karatasi, akanirudishia kwa mikono miwili, akauliza nani anataka chai. Tulikunywa. Tulipoondoka alitushika mkono mmoja mmoja, mimi pia, na nilipofika kituo cha tramu nilikuwa nimeshajishawishi kwamba mambo yamekwenda vizuri.

Jumatano Papa hakuja. Alikuja Tonton peke yake, akautua mfuko wa mipira miguuni mwangu.

"Anasema mwenye kujua, afundishe," akasema. Nikamuuliza kama Papa ana hasira. Tonton alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyemwaga maji akauliza kama sakafu imelowa. Akaenda zake.

Nahodha alijaribu kumpigia simu. Maman alipokea, akasema Papa amepumzika. Basi nahodha na mimi tukachukua timu. Nakiri kwamba nilikuwa na hofu, na nakiri kwamba chini ya hofu palikuwa na kitu kama sherehe. Nilikuja na mipango minne ya kushambulia, kila mmoja na rangi yake. Jumatano ile walikuwapo tisa, na hadi tunamaliza mazoezi walikuwa wameushika mpango wa kwanza na nusu ya wa pili. Nilirudi Anderlecht siku ya mechi nikiwa na uhakika.

Kati ya wale tisa walikuja wanne. Mmoja alikuwa ameitwa kuosha vyombo kwenye mgahawa, mwingine alikuwa na mtihani, mwingine mkewe yuko kazini na mtoto amebaki naye. Wengine saba waliofika walikuwa hawajausikia mpango wowote. Hapo ndipo niliona jambo ambalo daftari langu halikuwa na safu yake: timu ile haikuwahi kuwa na watu walewale kumi na mmoja Jumamosi mbili mfululizo. Nilikuwa nimeandika kila mpira ulikokwenda kwa miezi mingi, na sikuwahi kuandika nani alikuwapo.

Tulifungwa manne. Mashabiki wa wapinzani walinyoosha mikono kulia mara ya kwanza, mara ya pili, halafu wakaishusha, kwa sababu hatukwenda kulia. Hatukwenda popote. Kipa alidaka mpira na kunitazama mimi.

Mechi iliyofuata alikuja kijana aliyekuwa amefika kutoka Kolwezi wiki ile ile. Alikuwa bado na koti jembamba la mtu ambaye hajaiamini baridi. Aliniuliza, kwa adabu, asimame wapi. Nikaanza kumweleza. Nikamwambia inategemea: mpira ukiwa hapa, wewe pale, lakini beki wao akipanda, basi unarudi. Alinisikiliza hadi mwisho. Alicheza dakika ishirini bila kupewa mpira hata mara moja, akatolewa, na filimbi ya mwisho ilipolia alitafuta kwa macho watu wanaelekea wapi. Hatukuwa tunaelekea popote. Hapakuwa tena na Laeken. Kila mtu alichukua metro yake. Hakuonekana tena kwenye timu, na mechi hiyo nayo tulifungwa, tukashuka.

Tulipokuwa tukivua nyavu za goli, mshambuliaji wetu mrefu alinisogelea. Hakuwa mtu wa maneno.

"Miye nilifika jeudi," akasema, yaani Alhamisi. "Samedi nilicheza. Sikukuwa najua muntu hata moja huku. Papa aliniambia kitu moja tu: simama pale, mupira itakuya." Aliviringisha wavu mkononi. "Na ilikuya. Sasa ule mutoto wa leo, weye ulimuambia 'inategemea'."

Nilifikiria wale walioosha vyombo, walioshinda na watoto, waliofika na sanduku moja, na nikaelewa kwamba shambulio lile lilikuwa moja kwa sababu lilipaswa kumfaa yeyote atakayekuja siku hiyo. Mtu alihitaji neno moja tu ili awe mchezaji. Lilikuwa linachosha kulitazama, ni kweli. Lilikuwa linafungika kirahisi. Bado naamini kwamba mpira mmoja au miwili kwa yule wa kushoto ingetusaidia. Lakini hilo lilikuwa swali la kuulizwa, na mimi nilikuwa nimelifanya hukumu.

Nilitaka kwenda Laeken siku ile ile. Nikajizuia, safari hii nikaifuata njia. Nilimsubiri Tonton nje ya ghala saa ya kutoka kazini, nikamwomba anifikishie neno kwa Papa.

"Ah. Leo njo umekumbuka niko?" akasema. Aliniacha nisimame na hilo kidogo, akaniambia nije Jumapili baada ya ibada, na nisije mikono mitupu.

Nilipeleka kreti ndogo ya bia na sukari kwa ajili ya Maman. Alinifungulia, akanisalimu shavu kwa shavu kama zamani, na nikaona meza ya sebuleni imewekewa sahani tatu. Papa alikuwa anatazama mashindano ya baiskeli kwenye televisheni. Alinikaribisha nikae, na kwa karibu nusu saa alinieleza kwa nini wale waendeshaji wanapokezana kukaa mbele. Alijua sana. Nilikuwa sijawahi kumuuliza kitu chochote na kusubiri jibu lake, kwa hiyo sikuwahi kujua kwamba anaeleza vizuri.

Nilipoona siwezi kusubiri tena nilishuka kwenye kiti, nikapiga goti kidogo, nikasema nimekuja kuomba radhi. Nikasema nilimkosea mbele ya watoto wake. Alinishika bega nikae.

"Muchoro yako haikunisumbua," akasema. "Ile shambulio, miye njo niliitengeneza. Nilijua iko moja. Alakini ile kicheko, mutoto wangu. Sikujua kama bananiheshimuka na mudomo tu."

Nilimwambia wanampenda. Nikamwambia walichosema wakati wote: wamezoea, ni mpira wa Papa, wanacheka kwa upendo. Yote yalikuwa kweli, nayo pia yalifika yamechelewa. Nikamuuliza kwa nini siku ile hakueleza sababu yake, maana ingetosha dakika moja kuninyamazisha.

"Mbele ya batoto, nianze kujitetea?"

Nikamwomba arudi. Nikasema mwakani tutaanza daraja la chini, hakuna shinikizo, vijana wanamsubiri. Papa alitazama televisheni kwanza.

"Nikirudi, sitaangalia mupira. Nitaangalia nani anacheka. Hapana. Imekwisha muzuri, tuachie pale."

Maman aliingia na bukari. Tulikula watatu. Aliniuliza habari za mitihani, na kila mara alipokwenda jikoni alirudi na kitu ambacho hakuna aliyekihitaji, chumvi, kisha kitambaa, kisha chumvi nyingine. Sufuria aliyopikia ilikuwa ile ile ya Jumamosi, ya watu ishirini. Niliiona kwenye jiko nilipopeleka sahani yangu, na sombe imekaa chini kabisa.

Mwaka uliofuata chuo kilileta mwalimu wa michezo, kijana Mbelgiji mwenye filimbi na koni. Alifuta majina ya wote waliokosa mazoezi mawili, na kufikia Desemba timu haikuwa na Mkongo hata mmoja. Sikuwa na la kumwambia. Alikuwa na michoro mizuri kuliko yangu.

Kwa miaka kadhaa, kila nilipoisimulia habari hii, nilisema "tulimwambia kocha ukweli". Hatukumwambia. Nilimwambia mimi, nikiwa nimejizoeza. Na yule kijana wa Kolwezi sikuwa namtaja kabisa, kwa sababu kwa habari yake sina utetezi wowote.

Papa hakurudi tena uwanjani. Amestaafu sasa, na yeye na Maman wamehama Laeken kwenda kuishi karibu na binti yao. Kwangu lililobadilika ni hili: nikiona mtu anafanya jambo ninaloona ni kosa, namwendea peke yake na kumuuliza kwa nini analifanya hivyo, halafu namsikiliza mpaka amalize. Hamu ya kusema mbele ya watu bado ninayo. Siku nyingi naishinda.